Nyumba ya Tela na Safari ya Mama: Kutoka Malindi Hadi Kondoa



Ndugu msomaji, wiki hii ukurasa wetu wa familia unazungumzia jambo ambalo kwa wengi wetu tunaoishi huku milimani lingeonekana geni miaka michache iliyopita, lakini sasa limeshabisha hodi. Ni jambo la kupanga njia ya safari ndefu kwa gari linalovuta tela kubwa. Zamani tela lilikuwa la wenye matrekta na malori. Siku hizi familia hukodi tela la kubebea mahema na masufuria ya harusi, vijana hununua pikapu zenye ndoano nyuma, na wapo ndugu zetu wanaorejea kutoka nchi za Ghuba wakiwa wameagiza nyumba za tela, yaani zile nyumba ndogo za magurudumu zenye kitanda, jiko na choo, ambazo wengine huziita karavani.

Suala lililoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti lilihusu nyumba ya namna hiyo. Wenyewe wameniruhusu nilieleze pasi na kuwataja, kwa kuwa wanaamini litawafaa wengine.

Yupo bi mkubwa mmoja wa hapa Malindi, wilayani Lushoto, aliyepindukia miaka sabini. Magoti na mgongo havimruhusu tena kukaa katika kiti cha basi kwa saa nyingi. Mdogo wake wa tumbo moja aliolewa Kondoa akiwa binti na huko ndiko alikozeekea. Husalimiana kwa simu kila Ijumaa, lakini simu haina uso wala mkono wa kushikwa. Mwaka huu mdogo mtu ameanza kupungukiwa na nuru ya macho, na mama amewaambia wanawe neno moja tu, kwamba anataka kumwona mdogo wake kabla mmoja wao hajatangulia.

Mwanawe mkubwa, aliyefanya kazi Muscat kwa miaka kadhaa, alinunua huko nyumba ya tela iliyokwisha kutumika, ikafika katika bandari ya Dar es Salaam. Kusudio lake lilikuwa jema: aipandishe hadi uani kwao, amlaze mama kitandani, na waondoke naye mpaka Kondoa. Mdogo wake, ambaye ni dereva wa Fuso la mboga, akamwambia kuwa nyumba hiyo haitapanda mlima huu. Maneno yakawa makali, kila mmoja akiona mwenzake hamtakii mama heri, na ndipo walipoombwa na wazee waje tukae.

La kwanza lililobainika katika kikao kile ndilo kubwa kuliko yote, nami naliweka mbele kwa kila familia: mtu hapandi ndani ya nyumba ya tela wakati gari linatembea. Kitanda kile ni cha kulalia nyumba ikiwa imesimama na kuegemezwa sawasawa. Ikiwa njiani, tela hurushwa na kila tuta, huyumba kwa upepo, na ndani yake hamna mkanda wa kumshika mtu. Dereva hamsikii aliyemo. Likichomoka kwenye ndoano, huenda linakotaka. Mzee asiyejiweza kushika ukuta ndiye wa mwisho kufaa kuwekwa humo. Mama atakaa katika gari la mbele, kiti kimelazwa kiasi, mito imemzunguka, mkanda umefungwa.

Kaka mkubwa alinyamaza kwa muda mrefu aliposikia hayo, kwani ununuzi wote ulijengwa juu ya kitanda kile. Hata hivyo nyumba haikuwa imepoteza faida, ila faida yake ilihama mahali. Si chombo cha kumbebea mama bali ni kituo chake. Kila baada ya saa moja na nusu au mbili gari lisimame, mama aingie ndani, anyooshe mgongo juu ya kitanda chake mwenyewe, apate choo safi kisichomlazimu kuchuchumaa, atawadhe kwa maji ya uvuguvugu. Mwenye wazazi wazee anajua kwamba safarini choo huwasumbua kuliko urefu wa njia, na wengi hujinyima maji kwa ajili hiyo hadi wakaugua.

Basi ikiwa faida ya nyumba ni pale inaposimama, kupanga njia kunageuka kuwa kupanga vituo. Na hapa hesabu ya urefu huanza. Gari na nyumba kwa pamoja vilipimwa vikafika mita 13, na nyumba peke yake ina upana unaokaribia mita mbili na nusu. Chombo kama hicho hakigeuzwi popote, na kukirudisha kinyumenyume kunataka ufundi, kwa sababu tela huelekea upande ulio kinyume na usukani. Kwa hiyo kituo kinachofaa ni kile unachoingilia mlango mmoja na kutokea mwingine pasi na kurudi nyuma. Sheli yenye uwanja mpana inafaa. Uchochoro wa hoteli yenye chakula kizuri haufai, hata kama pilau yake inasifiwa.

Lipo na jambo la mlango, ambalo ni rahisi kulisahau. Oman huendesha magari kulia, nasi huendesha kushoto. Nyumba iliyotengenezwa kwa nchi za kulia mlango wake uko ubavu wa kulia, yaani ukiegesha kando ya barabara zetu, mlango unafungukia katikati ya njia yanakopita mabasi. Mama mwenye fimbo akishuka hapo atakuwa ameshukia hatarini. Hivyo iliandikwa katika mpango kwamba nyumba hii haisimami kando ya lami hata kwa dakika moja ya kumshusha mtu. Husimama ndani ya uwanja tu.

Sasa tuje kwenye mlima. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni ina takribani kilomita 33, na ndani ya kilomita hizo hupanda mita 900 na zaidi. Asili yake ni zama za Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Ni lami, lakini nyembamba, imebanwa kati ya mwamba na korongo, na kona zake ni kali. Tela refu likipinda kona, magurudumu yake hayafuati alama za gari bali hukata kwa ndani. Katika kona ya kushoto litalamba mwamba au mfereji. Katika kona ya kulia litaingia upande wa anayekuja. Na anayekuja mara nyingi ni lori lililosheheni kabichi, karoti na viazi. Wakikutana pembeni mwa korongo, mmoja lazima arudi nyuma, na mwenye tela ndiye asiyeweza.

Kushuka ni kugumu zaidi ya kupanda. Uzito wa tela husukuma gari kwa nyuma, dereva akakanyaga breki mfululizo, breki zikapata moto na kulegea. Dawa yake ni kushuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, ya pili au hata ya kwanza, na kuiachia injini ishike gari, breki ikigusiwa kwa vipindi. Dereva wa Fuso alilieleza hilo vizuri kuliko ninavyoliandika. Lakini ustadi hauongezi upana wa barabara, na juu ya Lushoto ziko kilomita nyingine za kupita Magamba hadi kwetu, mahali ambapo asubuhi za Juni na Julai ukungu hufunika njia usione nguzo iliyo mbele yako.

Hitimisho la sehemu hii lilikuwa wazi: nyumba isipande mlima kabisa. Ingoje Mombo, chini, kwenye tambarare. Mama ashuke na gari dogo kwa mwendo wa taratibu baada ya Alfajiri, na nyumba ifungwe nyuma ya gari kubwa huko Mombo. Ajuaye kupanga njia huanza kwa kuuliza ni wapi tela lisifike, kisha ndipo huuliza lipite wapi.

Kuifikisha Mombo kutoka Dar es Salaam ni kazi ya siku moja, nayo ilipangwa ifanywe ikiwa tupu. Wengi wangepita Kibaha na Chalinze. Kwa tela tulipendelea njia ya Bagamoyo hadi Msata, ambayo kipande chake cha Makofia hadi Msata ni kilomita 64 za lami, kwani humwepusha dereva na foleni ya malori yaendayo bara. Kutoka Msata huvuka mto Wami. Zamani daraja lake lilikuwa jembamba, magari yakipita kwa zamu. Sasa daraja jipya na pana limeondoa hofu hiyo. Kisha Segera, Korogwe na Mombo.

Kutoka Mombo kwenda Kondoa zilitazamwa njia tatu.

Ya kwanza ndiyo fupi kuliko zote kwenye ramani: Korogwe, Handeni, Kibaya ya Kiteto, hata Kondoa. Simu ya kijana mmoja iliichagua papo hapo. Lakini ramani huhesabu kilomita na haihesabu vumbi. Baada ya Handeni sehemu kubwa ya njia hiyo ni changarawe na udongo, ingawa kazi ya lami imeshaanza upande wa Handeni. Nyumba ya tela imeundwa kwa mbao nyepesi na bati jembamba. Makunyanzi ya barabara huzilegeza skrubu, huvunja milango ya makabati, na vumbi huingia hata kitandani. Tairi likipasuka katika pori la Kiteto, fundi yuko mbali. Njia hii iliwekwa kando.

Ya pili ni ya kusini: Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma, kisha Kondoa. Yote ni lami, na kwa makadirio yetu ina kilomita 740 hivi kutoka Mombo. Ubaya wake ni urefu, na zaidi ya hapo ni msongamano wa malori yaendayo Zambia, Kongo na kanda ya ziwa. Kila lori kubwa linapokupita huusukuma upepo ubavuni mwa nyumba, kisha huuvuta, na tela huanza kucheza.

Ya tatu ni ya kaskazini: Same, Himo, Moshi, Arusha, Makuyuni, Babati, Kondoa. Nayo ni lami yote, tangu barabara ya Dodoma hadi Babati yenye kilomita 251 ilipozinduliwa mwaka 2018. Kwa makadirio ni kilomita 560 hivi, pungufu ya ile ya kusini kwa takribani 180. Ina dosari mbili. Moja ni jiji la Arusha, lakini ipo barabara ya mchepuko yenye kilomita zipatazo 42 inayoachana na barabara kuu upande wa Usa River na kulizunguka jiji kwa kusini, ukatokea upande wa Kisongo. Ya pili ni vilima vya baina ya Bonga, Bereko na Kolo, kabla ya kufika Kondoa. Huko kuna kupanda na kona, lakini barabara ni pana na mpya, haifanani na ya Soni. Njia hii ndiyo iliyochaguliwa.

Kisha ikagawanywa kwa pumzi za mama, si kwa nguvu za gari. Gari linalovuta tela lihesabiwe kilomita 50 kwa saa, hata kama lina uwezo wa kukimbia zaidi, kwa sababu yapo matuta, vijiji na vizuizi. Kwa hesabu hiyo kilomita 560 ni saa kumi na moja za kuendesha. Hakuna mzee wa kubebeshwa hizo kwa siku moja, wala dereva. Siku ya kwanza: waondoke Mombo saa tatu na nusu asubuhi; Same saa tano na nusu, mama alale saa nzima; Himo saa nane mchana, waswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kwa ruhusa aliyopewa msafiri; na Usa River kabla ya Magharibi, huko ndiko kulala. Siku ya pili: waondoke saa moja asubuhi kwa mchepuko, Makuyuni saa tatu na nusu, Babati baada ya saa sita, chakula na swala, na vilima vya Bereko vipandwe mchana mweupe, ili Kondoa wafike saa kumi na nusu.

Kwa kila kituo ilitakiwa simu ipigwe kabla, kuuliza maswali matatu: uwanja una upana gani, una milango mingapi, na je, lango lina boriti ya juu? Kwa malazi ya Usa River kamati iliandika barua ya utambulisho, kama tunavyowaandikia wasafiri wote wa jamaa yetu. Na kwa kila kituo kilichaguliwa kingine kilomita chache mbele yake, kwa sababu uwanja uliokuwa wazi juzi huenda leo umejaa mabasi.

Yapo mambo ya mizigo ambayo akina mama ndio wenye kuyaamua, kwa kuwa wao ndio wapakiaji. Vitu vizito viwekwe chini, juu ya magurudumu au mbele yake kidogo, kamwe visirundikwe nyuma. Nyuma pakizidi uzito, pua ya tela huinuka, na likifika mwendo wa kasi huanza kuchapa kushoto na kulia kama mkia. Sehemu ndogo ya uzito, takribani moja ya kumi, iilalie ndoano ya gari. Tangi la maji lenye lita 100 ni kilo 100, basi lijazwe nusu na kuongezwa vituoni. Ule mtungi wa gesi ufungwe kabisa kabla ya kuondoka. Na gunia la viazi la zawadi kwa mama mdogo likae kwenye gari.

Ikitokea tela limeanza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asipigane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, aushike usukani sawasawa, mwendo ujipunguze wenyewe. Uwanda wa wazi baina ya Mombo na Same ni mahali pa kuwa na tahadhari hiyo. Na akiona magari yamejipanga nyuma yake, atafute mahali papana awapishe. Anayesubiri kwa hasira ndiye hupita pasipopitika.

Kuhusu sheria, tela husajiliwa kwa namba yake, na bima yake iulizwe mapema. Leseni ya dereva iwe ya daraja linaloruhusu kuvuta tela. Taa za nyuma na viakisi mwanga vikaguliwe kila asubuhi. Magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hupita mizani, na yenye kukaribia kiwango hicho yaulize kabla ya safari, si mbele ya askari. Mwisho, safari ndefu isifanywe kwa tela ambalo halijajaribiwa. Walikubaliana waivute nyumba kutoka Mombo hadi Korogwe na kurudi, imepakiwa kila kitakachokwenda, mama akiwa bado nyumbani.

Ndugu msomaji, mpango ulikamilika lakini kaka mkubwa alikuwa bado na kitu moyoni. Alisema, watu wa Malindi wamesikia kuwa nyumba inakuja, nao hawataiona. Ni maneno ya kweli, na wengi wetu tusingethubutu kuyatamka. Mali tuliyoitafuta ughaibuni kwa jasho tunapenda ionekane nyumbani. Hapakuwa na haja ya kumkemea. Ilitosha kumuuliza mama, ambaye hadi hapo hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu kitanda wala njia.

Mama alisema: “Wanangu, mimi sikuomba nyumba. Niliomba nimwone mdogo wangu. Nipitisheni panapofika.”

Kisha akamtaka kaka mkubwa akae naye gari la mbele, na mdogo mtu, dereva wa Fuso, ashike usukani. Kwa maneno hayo aligawa kazi baina ya wanawe wawili bila ya kumshusha yeyote: mmoja ametoa mali, mwingine ametoa ujuzi, na mali bila ujuzi ingekwama katika kona ya kwanza ya Soni.

Masika yamekwisha, na maporomoko ya udongo yanayofunga barabara yetu nyakati za mvua hayategemewi kwa sasa. Jaribio la Mombo hadi Korogwe limekwisha kufanyika, na taa moja ya nyuma iliyokufa imebadilishwa. Inshaallah wataondoka mwisho wa mwezi huu. Tunawaombea wafike salama na warudi salama, na tunawaomba wasomaji wetu wa Same, Himo na Babati wakiiona nyumba nyeupe ya tela imesimama uwanjani, mlango ukifungukia upande usio wa kawaida, wasogee wamsalimie mama yetu.

Wabillahi tawfiiq.